Kreatini ya kopo madukani Dodoma: inamfaa nani, inywewe vipi

Kwenye rafu za virutubisho vya mazoezi, kopo lisilovutia macho ndilo lenye thamani kuliko mengine yote: unga mweupe usio na ladha, kreatini monohaidreti tupu.

Msuli unapokaza kwa nguvu zote, kwa kunyanyua chuma au kukimbia mita 100, seli hutumia ATP, molekuli inayobeba nishati, na akiba yake huisha ndani ya sekunde chache. Hapo fosfokreatini, yaani kreatini ya msuli iliyobeba fosfati, huitoa fosfati yake na kuipa ADP, mabaki ya ATP iliyotumika, ili iwe ATP tena, kazi inayofanywa na kimeng'enya kiitwacho kreatini kinasi. Nayo fosfokreatini hupungua sana ndani ya sekunde 10 hivi, kisha hujazwa tena unapopumzika. Ndiyo maana dakika 2 hadi 3 kati ya seti si uvivu. Kreatini ya kopo hulipanua ghala hilo la fosfokreatini: unaongeza rudio moja au mawili, na kwa miezi, mazoezi hayo ya ziada ndiyo yanayojenga msuli.

Mwili hujitengenezea gramu 1 hivi kwa siku. Kilo nzima ya nyama mbichi ya ng'ombe ina gramu 4 hadi 5 tu, na moto hupunguza kiasi hicho, kwa hiyo hata mla choma wa mnada wa Msalato hawezi kulijaza ghala hilo kwa sahani. Asiyekula nyama ndiye huona tofauti kubwa zaidi, maana ghala lake huanzia chini.

Kunywa gramu 3 hadi 5 kila siku, pamoja na siku za mapumziko. Baada ya wiki 4 hivi misuli huwa imejaa. Wapo wanaoanza na gramu 20 kwa siku kwa siku 5 hadi 7. Hufika mapema, lakini dozi hiyo isipogawanywa mara 4, unga huvuta maji utumboni na tumbo huharisha. Hatuoni sababu ya haraka hiyo.

Koroga gramu 5 katika mililita 400 za maji ya uvuguvugu. Maji machache au ya baridi huacha chembe chini ya glasi, na chembe hizo ndizo ulizolipia. Juisi ya ubuyu inafaa ukiinywa papo hapo. Usiikoroge ukaiweka: katika uchachu wa namna hiyo, kwenye nyuzi 25, takriban sehemu moja ya tano hugeuka kreatinini isiyo na kazi ndani ya siku 3. Unga mkavu kopo likifungwa vizuri hukaa muda mrefu, na ukishikana mabonge kwa unyevu wa masika haujaharibika.

Kasoro ya kwanza ni kijiko cha ndani ya kopo. Ukikijaza kwa kilima unazidisha, kwa hiyo pima mara moja kwa mizani ya jikoni. Ya pili ni uzito: kilo 1 hadi 2 za maji huingia kwenye misuli. Mcheza mpira au mnyanyua vyuma hazimsumbui. Mkimbiaji wa marathoni anayefuata njia ya Alphonce Simbu wa Singida, bingwa wa dunia wa 2025, atazibeba kilomita 42, huku mbio zenyewe zikiendeshwa na glaikojeni (akiba ya wanga mwilini) na mafuta yanayochomwa kwa oksijeni. Huyo pesa yake aielekeze kwenye viazi, wali na ugali.

Unaponunua, tazama namba ya toleo, tarehe ya mwisho na orodha ya viambato: kiwe kimoja tu. Kopo lenye "mchanganyiko maalumu" usiotaja gramu za kila kiambato, liache. Kreatini haijapigwa marufuku na WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa haramu michezoni, lakini unga unaweza kuchanganyika kiwandani na vitu vilivyokatazwa, hivyo mwanamichezo anayepimwa achague kopo lenye alama ya Informed Sport, inayoonyesha kuwa limepimwa vitu hivyo. Mwenye ugonjwa wa figo asianze bila daktari. Na ukienda kupima damu, mwambie daktari unaitumia, kwa sababu kreatinini, taka ya kreatini ambayo figo huichuja, itapanda kidogo na inaweza kusomwa kama figo zinazoshindwa.