Nimebadilishiwa nyonga kwa kidonda kidogo, mguu safi ila moyo ulinisumbua

Naandika hii coz kabla ya operesheni nilitafuta sana mtu wa hapahapa Dar aliyepitia nikamkosa. Nina miaka 56, naishi Kimara, nauza vitenge Kariakoo, kazi ya kusimama kutwa. Nyonga ya kulia gegedo, ile tabaka laini ya kati ya mifupa, lilikwisha kabisa, mfupa unasaga mfupa. Diklofenaki nilimeza mpaka tumbo likagoma, na lile daraja la kituo cha mwendokasi nilikuwa nalipanda nimeshikilia chuma kama bibi wa miaka 90.

Hospitali siitaji. Daktari akasema watatumia njia ya kidonda kidogo, wanapitia upande wa nyuma, hawakati misuli mingi. Nikachomwa ganzi ya mgongo, sisikii maumivu ila nasikia wanagonga ko ko ko utadhani niko kwa seremala. Kesho yake nikasimamishwa na magongo na aisee yale maumivu ya zamani, yale ya kusagika, hayapo!! Kovu langu nimelipima kwa futikamba ya dukani, sentimita 9. Hapo kwa kazi ya mikono nawapa nyota zote tano.

Sasa shida ndo ikaanzia kwenye hiyo sentimita 9. Kila anayekuja kunipa pole anataka kuona, nikimuonyesha anasema aah kumbe kadogo hivi, basi umeshapona shoga. Wifi yangu ndani ya wiki mbili ananiuliza dukani narudi lini. Watu hawajui kwamba kidonda ni kidogo lakini ndani kichwa cha mfupa wa paja kimekatwa kikatolewa, kimewekwa chuma na kikombe kipya, ni operesheni kubwa ileile tu mlango ndo mwembamba. Na mimi mwenyewe nikaanza kuamini nadeka.

Masharti nayo: usiiname sana, usikunje nne, usikae chini, choo cha kuchuchumaa marufuku. Siku moja kanga ikanidondoka sebuleni, nipo peke yangu, kuiokota siwezi. Nikakaa naiangalia. Nikalia, yaani nililia mpaka mwanangu anarudi jioni kanikuta hivohivo akadhani nimeanguka, nikashindwa kumwambia ni kanga. Usingizi hamna coz kulala ni chali na mto katikati ya miguu, chakula sitaki, simu za wateja nazima. Kuswali kwenye kiti pia kuliniuma zaidi ya kidonda, sijui kwa nini, nilijiona kama nimetengwa na sakafu.

Hospitali walinipa karatasi ya mazoezi, walinifundisha sindano za tumboni za kuzuia damu isigande, kila kitu cha mguu walieleza. Cha moyo hata sentensi moja hamna. Hapo nawakata nyota, na ningewakata mbili kama sio yule binti wa mazoezi, ambaye wiki ya tano badala ya kuniambia nyanyua mguu akaniuliza, mama unalalaje? Nikaporomoka palepale kitandani. Akaniambia wengi wanapitia hivyo, damu imepungua, dawa kali za maumivu, usingizi mbovu, alafu mtu aliyezoea kuhudumia wenzie ghafla anavalishwa soksi na mtoto wake. Akanirudisha kwa daktari, damu kupimwa kweli iko chini, nikapewa vidonge vya madini ya chuma, na nikaonana na mshauri mara nne. Mara ya kwanza nilikaa kimya karibu muda wote, ya pili ndo nikamsimulia ile kanga, tukacheka wote.

Kama unaenda kufanyiwa, nunua kiti cha choo kirefu kabla, sio baada kama mimi. Na mwambie daktari mapema kama hulali au unalia bila sababu, usisubiri wiki tano. Waambie na ndugu wasipime operesheni kwa ukubwa wa kovu.

Sasa ni mwezi wa saba tangu operesheni. Daraja la mwendokasi napanda bila kushika chuma, dukani nimerudi ila nimeweka stuli ndefu, na kuswali bado natumia kiti, nimeshazoea. Mbuzi ya kukunia nazi ndo siikalii tena, iko chini mno, nimempa wifi aliyekuwa ananiharakisha.