Nilivyokesha na ludruk kijijini Jombang

Huu ni mwaka wangu wa pili Surabaya, kisiwani Java, Indonesia, kimasomo. Kila nikiuliza sanaa za Java naelekezwa kwenye wayang, ile michezo ya vivuli. Ludruk, maigizo ya jukwaani yenye ngoma, nyimbo na vichekesho, niliijua pale mama mwenye nyumba yangu aliponialika harusi ya mpwa wake wilayani Jombang, nikakesha uwanjani mpaka alfajiri.

Kiingilio hakuna, kundi hulipwa na mwenye shughuli. Mimi nilikwenda na mkeka na sweta, nikanunua karanga za kuchemsha pale pale.

Kwanza ilichezwa ngoma ya Remo. Mchezaji alikuwa peke yake, njuga kifundoni, na kila akikanyaga, gamelani (kundi la ala za kugonga za Kijava) inamjibu. Kisha wakapanga mstari waimbaji waliovaa kebaya, blauzi za kike za huko, na mashungi ya nywele. Nilikuwa nimekaa karibu na ngazi za jukwaa: chini ya bangili niliona mishipa ya mkono wa mwanamume, na sauti inayotoka ni nyororo kabisa. Kwenye ludruk nafasi za kike huchezwa na wanaume tangu zamani. Watu walipanda kuwatunza na kuomba nyimbo.

Kilichoniteka zaidi ni parikan, beti za mistari miwili. Mstari wa kwanza unaandaa kina, wa pili unachoma. Mama alinitajia ule wa Cak Durasim wa enzi Wajapani walipoikalia Indonesia (Cak ndiyo "kaka" ya huko): "Bekupon omahe dara, melu Nippon tambah sengsara." Yaani tundu ni nyumba ya njiwa, kumfuata Mjapani ni kuzidi kuteseka. Walimkamata, akafariki mwaka 1944. Mtu aliyelelewa na mafumbo ya kanga na taarabu hahitaji kufafanuliwa zaidi.

Baada ya vichekesho virefu kikaja kisa chenyewe: Sakerah, msimamizi wa shamba la miwa huko Bangil, aliyewakabili Waholanzi kwa mundu wake. Anasalitiwa na mwenzake, ananaswa kwenye ngoma, ananyongwa. Bibi aliyekaa kando yangu kisa hiki anakijua tangu utotoni, lakini ulipofika usaliti aliweka karanga chini, akashika tama.

Kasoro zipo. Tuliambiwa saa tatu usiku, wakaanza saa nne na nusu. Spika zilikuwa kali mno, maneno mengine yakapotea. Lugha nayo ni Kijava cha Surabaya, si Kiindonesia nilichojifunza darasani. Bila mama kuninong'oneza, nusu ya vichekesho ingenipita.

Hata hivyo naipa nyota nne na nusu kati ya tano. Ukienda, tafuta mwenyeji wa kukaa naye, kaeni mbali na spika, na ubebe noti ndogo ndogo za kutunza. Tena usiondoke kwenye vichekesho ukidhani mchezo umekwisha, kama walivyofanya wageni wawili niliokuja nao. Sakerah walimkosa.