VTT (baiskeli ya porini) Lubumbashi: njia za makala (mkaa), na tairi gani inaziweza

Jambo yenu wote, bayaya na bandugu, karibuni tena. Kinga yangu, baiskeli hii, iko hapa pembeni yangu, bado ina vumbi jekundu mpaka ku mnyororo, sijaiosha kwa makusudi juu nataka muone tairi vile linatoka mu pori, siyo vile linaonekana dukani. Watu wengi mnaniandikia, yaya, VTT gani ninunue kwa Lubumbashi, na wengi mnataka ile yenye amotisa, zile springi za kupunguza mshtuko, mbele na nyuma kama za wale wanaoshuka milima kule Ulaya. Sasa nisikilizeni vizuri. Lubumbashi haina mlima wa kushuka. Mji uko juu, mita 1,200 na zaidi kutoka usawa wa bahari, lakini huko juu ni tambarare, unapanda kidogo unashuka kidogo, basi. Amotisa ya nyuma utaibeba tu, uzito wa bure, na pivoti zake, yale maungio yanayozunguka, zitakula vumbi mpaka zianze kulia. Ya mbele, ikibonyea milimita 100 inatosha kabisa. Feza inayobaki, yote, iweke ku tairi. Njo video ya leo hiyo, tairi na njia.

Tuanze na njia juu bila kuelewa njia huwezi kuelewa kwa nini nasema tairi. Hapa kwetu hakuna mtu aliyechonga njia za michezo na kuweka vibao. Njia nzuri zote unazoziona zinaingia porini, nyembamba, ngumu, zimepindapinda kati ya miti, zimetengenezwa na bapapa wa makala. Mnawajua wote, wale wanaoingia mjini asubuhi na magunia yamepangwa juu ya kinga mpaka mtu mwenyewe haonekani, anasukuma kwa kijiti kilichofungwa ku gidoni, ule usukani. Angalieni kinga zao siku moja mkisimama nao. Fremu imechomelewa vyuma vya ziada pande zote, nyuma kuna keria ya chuma cha ujenzi, magunia yamefungwa kwa vipande vya mpira wa ndani wa tairi, na breki mara nyingi ni sandali, anakanyaga tairi la nyuma. Mtu huyo hawezi kupita kwenye mchanga mwingi, hawezi kupanda mteremko mkali, kwa hiyo yeye na wenzake miaka na miaka wametafuta mstari bora kabisa mu pori lote, ule unaozunguka mchanga, unaozunguka matope, unaovuka mto pale ambapo ni pafupi. Hakuna mtaalamu wa njia atakayekufanyia kazi nzuri kuliko hiyo, nasema kwa moyo wote.

Na kwa sababu hiyo sheria ya kwanza, kabla ya tairi: njia ni yao. Ukimwona anakuja, wewe njo unatoka. Siyo kupunguza mwendo, unatoka kabisa, unaweka mguu chini kwenye nyasi, unamsalimia papa jambo, unamwacha apite. Yeye akisimama na mzigo ule kuuanzisha tena ni kazi ya watu wawili.

Sasa njia zenyewe. Anayeanza, aende ziwa la Karavia na pembezoni mwake, ni karibu, ni rahisi, tairi lolote linafaa, sina zaidi ya kusema hapo.

Upande wa Kasapa njo utamu unaanza. Ukishapita kampasi ya UNILU, chuo kikuu cha Lubumbashi, unaendelea, nyumba zinapungua, unaingia kwenye vichuguu. Kwa mtu ambaye hajafika Katanga, vichuguu vya huku siyo vile vya kufika magotini, ni vikubwa kama nyumba, vingine vina miti mizima juu yake, na njia inavizunguka kimoja baada ya kingine, kushoto kulia kushoto, unalaza kinga unainyanyua, ukiwa na mwendo mzuri huhitaji hata kukanyaga sana. Mimi hapo ningekaa siku nzima. Lakini kuna mambo mawili ya kuangalia. La kwanza, huoni nyuma ya kichuguu, kwa hiyo piga kengele au piga mluzi, kuna watoto, kuna mbuzi, kuna papa wa makala. La pili, udongo wa kichuguu njo watu wanachimba kwa ajili ya matofali, utakuta kichuguu kimekatwa nusu na pembeni shimo refu lililo wazi, na wiki jana halikuwepo. Usipite kwa mwendo wa kukumbuka, pita kwa mwendo wa kuona.

Kipopo, upande wa njia ya Likasi, ni ya watu waliozoea kukaa ku kiti masaa mengi. Huko unapata miombo kweli kweli, ile iliyobaki, miti ya misuku na mingine, kivuli, hewa nzuri, na maji kule mwisho. Njia zake zinabadilika kila mwaka kwa sababu tanuru za makala zinahama kufuata miti, na miti inazidi kuwa mbali na mji, hilo linaniuma kila nikipita pale palipokuwa na kivuli. Utafuata njia nzuri halafu inaishia kwenye duara jeusi, hapo palikuwa na tanuru. Tafadhali sana, ukikuta kilima cha udongo kinatoa moshi, hata kidogo, usipande juu yake, hata kwa mguu. Ndani kunawaka, udongo wa juu ni tabaka tu, unaweza kuzama. Na hata duara la zamani lizunguke, jivu na vumbi la makala ni laini, gurudumu la mbele linaingia na wewe unaruka.

Kipushi, ni kama kilomita 30 kutoka hapa, kusini-magharibi, lami iko lakini njia za pembeni zipo pia. Ni nzuri ila mjue Kipushi ni mgodi na ni mpaka. Mgodi wa zinki umeanza tena kutoa mali tangu 2024, kuna konsesyoni, maeneo ya kampuni ya mgodi, kuna walinzi, na Zambia iko pale pale. Ukiona uzio au bango geuza, usianze kupiga video, na beba kitambulisho. Sitaki mtu aniambie yaya ulituambia twende.

Haya, tairi. Adui wako Lubumbashi siyo mawe. Adui ni visiki. Wanapokata miti midogo kwa panga wanakata kwa mshazari, kisiki kinabaki kimechongoka, kirefu kama kidole, halafu moto wa kiangazi unapita unakikausha na kukifanya kigumu. Kinakupiga wapi? Siyo chini kwenye meno, kinakupiga ubavuni. Angalieni hapa, sogeza kamera, huu mkwaruzo, mnaona nyuzi zimeanza kuonekana? Tairi jepesi la mashindano ubavu wake ni kama karatasi, hapa lingefunguka sentimita tatu na hakuna dawa ya kuziba hiyo. Hili lina ubavu ulioongezwa tabaka, ni zito kwa gramu mia na kitu, sawa, nazikubali gramu hizo zote.

Hili ni inchi 29 kwa 2.35, gurudumu na upana wa tairi. Wenye 27.5 au 26 msiwe na wasiwasi, upana njo muhimu, msishuke chini ya 2.2. Jina la kampuni sitataja leo, angalieni vitu vitatu: ubavu ulioimarishwa, meno mafupi yaliyokaribiana katikati, meno marefu kidogo pembeni. Ya katikati yakiwa mafupi kinga inateleza vizuri kwenye udongo mgumu, na Lubumbashi udongo mgumu njo asilimia kubwa ya njia. Ya pembeni yanakushika ukiilaza kwenye kona za vichuguu, pale kwenye vijiwe vidogo vya mviringo vyekundu. Tairi la meno makubwa ya matope, lile ambalo kila mtu analipenda kwa macho, linanguruma, linakuchosha, na mvua ya kweli ikija udongo wetu unajaza meno yote kwa dakika chache hata yawe makubwa namna gani. Desemba mpaka Machi njia nyingi za porini ziache tu zipumzike.

Tyubulesi au mpira wa ndani? Tyubulesi, yani tairi bila mpira wa ndani, kama janti yako, ile ringi ya gurudumu, inakubali. Miiba ni mingi, na ukiwa na lateksi, ile dawa ya maji ya kuziba matundu, ndani unasikia psss, unaendelea kuzungusha, linatoka povu jeupe, halafu kimya, unaendelea na safari yako, hujashuka. Lakini lateksi inakauka, na kiangazi chetu kuanzia Mei hewa ni kavu sana, kwa hiyo usingoje miezi sita kama chupa inavyosema, fungua uangalie kila baada ya miezi miwili. Tikisa gurudumu karibu na sikio, usiposikia maji yanacheza, ongeza. Na bado beba mpira wa ndani mmoja na pompa, ubavu ukichanika lateksi haikusaidii, weka kipande cha tairi la zamani ndani ya ule mchaniko, halafu mpira, utafika nyumbani.

Pumzi. Hapa watu wanaharibu tairi zuri bure, wanajaza mpaka linakuwa jiwe. Mtu wa kilo 70 na tairi hili bila mpira wa ndani, mbele 1.5 bari, nyuma 1.7, hapo unapita kwenye mchanga wa Agosti bila kuzama na mikono haikufi ganzi. Mwenye mpira wa ndani apandishe afike 2 na kitu, juu akishuka sana janti itaubana mpira na kuutoboa mashimo mawili. Na mu mchanga kaa nyuma kidogo, legeza mikono, kanyaga polepole bila kukata, breki ya mbele usiiguse.

Msimu mzuri ni Mei mpaka Julai, asubuhi kuna baridi kweli, vaeni glavu, kofia ngumu hiyo siyo ya kujadili. Msiende mmoja mmoja, na nyumbani wajue mmepita wapi.

Kwa wale wa Likasi, najua mnacheka nikisema hakuna mlima, kwenu vilima viko. Andikeni hapo chini njia gani mnapita na kama mawe yenu yanachana ubavu namna hii, nataka nilete tairi hili hili huko kabla mvua haijaanza.