Uzoefu wangu: zikri ya pamoja usiku wa Ijumaa, Ng'ambo

Assalaam alaykum. Huu ni mwezi wa nane tangu nianze kuhudhuria zikri ya twarika (njia ya kisufi) ya Kadiria huku Ng'ambo, Unguja, kila Alhamisi baada ya Isha, na watu wananiuliza sana ndo nikaona niandike.

Kabla ya hapo mie nilikuwa na uradi wangu wa nyumbani, zikri ya kila siku, tasbihi mkononi, sifiki hata mia fahamu zishakwenda kwenye deni la dukani, mara simu, mara usingizi. Baba alipofariki ikawa mbaya zaidi, ulimi unasema lakini moyo haumo. Ami yangu akanambia twende zawiya, pale wanapokutania watu wa twarika, usikae peke yako na msiba.

Basi mnakaa duara kwenye mikeka, ubani unafuka, khalifa, yaani kiongozi wa zikri, anaanza taratibu La ilaha illa Llah, sauti ya kuvuta, na hapo bado una mawazo yako yote. Halafu mnasimama mnashikana mikono, mwendo unazidi, maneno yanafupika mpaka linabaki Allah tu, na hilo nalo linaingia ndani linakuwa pumzi, watu kama arubaini wanainama na kuinuka kwa pumzi moja na pembeni kuna mtu anasoma kasida juu yake. Siku ya kwanza nilipotea, pumzi ilinishinda kabisa. Mzee alonishika mkono wa kulia, makamo ya babu yangu, hakunitazama wala hakusema kitu, akawa ananibana kiganja kila tukiinama, anabana anaachia, anabana anaachia, mpaka nikaingia. Kiganja kigumu kama cha mtu alovuta nyavu umri wake wote. Hapo ndo nilipofahamu, ukiwa peke yako ukichoka na zikri imekatika, lakini ukiwa na wenzio wewe unachoka yenyewe inakwenda, ukirudi unaikuta palepale. Usiku ule nikamlilia baba kwa mara ya kwanza tangu tumzike, na hakuna aliyeshangaa.

Ile aya ya 28 ya Suratu Raad, kuwa nyoyo hutulia kwa kumkumbuka Mwenyezi Mungu, nimeisoma tangu chuoni udogoni, ila kuionja nimeionja pale.

Twarika yenyewe si ya jana, inanasibishwa na Sheikh Abdulkadir Jilani wa Baghdad, alofariki 1166, na huku kwetu alioieneza sana ni Sheikh Uweis wa Barawa, Somalia, alikuja Unguja zama za mfalme Sayyid Barghash. Wapo wanaosema kuinama na kushikana mikono ni bidaa, uzushi katika dini, mie si mwanachuoni, siwezi kubishana nao, nasema nilichokiona moyoni mwangu.

Yasonipendeza yapo pia. Spika wanaifungua mno, chumba chenyewe kidogo, sauti za watu zinamezwa na ndo kitu chenyewe tulichofuata. Na kina mama wamewekwa kwenye ukumbi mwembamba wa nyuma hauna hata feni, dada yangu alikwenda mara mbili akashindwa kwa joto, na hili nshamwambia khalifa.

Pesa hawachukui, ukitaka unapeleka sukari au kahawa. Wanasema saa mbili na nusu lakini hasa inaanza saa tatu. Vaa kanzu nyepesi, utaloa, na ukiwa mgeni simama karibu na wazee, vijana wanakwenda mbio sana.