Arbanasi au Zheravna?

Ukiwa na siku moja tu ya kuona kijiji cha kale Bulgaria, mimi ningekupeleka Arbanasi, kilomita chache kutoka mji wa Veliko Tarnovo. Kwa nje, Kanisa la Kuzaliwa kwa Kristo utalipita ukidhani ni ghala: kuta za mawe, paa la chini, halina mnara. Lilijengwa enzi za utawala wa Waosmani, yaani Waturuki. Ingia sasa. Kuta na dari zote zimejaa picha za karne ya 16 na 17, watakatifu wamebanana hadi pembeni, na wanafalsafa wa Kigiriki wamo. Inua macho taratibu. Shingo itauma, lakini usiharakishe. Nyumba za huko nazo ni za wafanyabiashara matajiri, zimejificha nyuma ya kuta ndefu na mageti mazito.

Zheravna, kijiji kingine karibu na mji wa Kotel, ni mbao: mapaa yaliyojitokeza mbele, vichochoro vya mawe, dari za kuchongwa. Kanisa lake la Mtakatifu Nikola ni la 1834. Mwandishi Yordan Yovkov alizaliwa hapo 1880. Kufika ni mbali zaidi, kwa hiyo lala huko. Asubuhi ndipo kijiji kinapendeza.