Voyant Tools kwa matini ya Kiswahili: inafaa, ila hesabu zake zihakikiwe

Kwa kikundi cha wanafunzi wanaojadili fasihi na teknolojia, Voyant Tools, programu ya kuhesabu na kuchambua maneno ya matini iliyoundwa na Stéfan Sinclair na Geoffrey Rockwell, ni pazuri pa kuanzia. Ni ya bure, haitaki akaunti, na hufunguka ndani ya kivinjari. Bandikeni matini, na punde mtaona wingu la maneno, grafu na kila neno pamoja na majirani zake.

Tatizo ni vitenzi vyetu. Programu huhesabu maumbo, haijui mzizi: anasoma, walisoma, hatukusoma na wasomaji kwake ni maneno manne yasiyojuana. Nyota ya mwishoni (alama ya *, inayosimama badala ya herufi zozote), inayowafaa sana wanaochambua Kiingereza, hapa haitufikishi mbali kwa sababu Kiswahili hupachika mengi mwanzoni. Ukitafuta soma* utaletewa soma na, kama limo, Somalia; anasoma halitokei. Dawa ni kuyaunganisha maumbo hayo kwa mkono, kwa alama ya |: anasoma|alisoma|walisoma, yahesabiwe kama neno moja. Inachosha, lakini hapo ndipo mjadala unapokolea: je, msomi naye aingie kwenye hesabu hiyo?

Kabla ya kupakia, hifadhini faili kama matini tupu ya UTF-8 (mfumo wa kuhifadhi herufi). PDF ya skani ambayo herufi zake hazijatambuliwa ni picha tu, haina cha kuhesabiwa. Kwenye ng', chagueni alama moja, ' au ’, mtumie hiyo faili nzima. Zikichanganyika, hesabu ya ng'ombe huharibika.

Orodha ya maneno ya kupuuzwa iandikeni wenyewe, neno moja kila mstari: na, ya, wa, kwa, la, za. Lakini msikimbilie kuondoa si na kama. Katika shairi, kama ndiyo inayobeba tashibihi, na ukanushi wote wa si utapotea kimya kimya.

Jambo zito zaidi ni siri za watu. Matini mnayopakia huenda kwenye seva ya mbali, na mwenye kiungo huweza kuifungua. Mahojiano ya wazee msiyapeleke huko bila ridhaa yao. Badala yake, pakueni toleo la Voyant la kuendeshea kwenye kompyuta yenu.

Mkitaka vitenzi hasa, ongezeni AntConc, programu ya Laurence Anthony ya kutafuta maneno ndani ya matini, nayo ya bure na haihitaji intaneti. Humo *soma* hukamata hata hatukusoma, na mistari hupangwa kwa neno la kushoto au la kulia.