“Hii si meko, anti”: bunduki ya rangi ya mtumba na oringi ya shilingi hamsini

Nyota moja. Naanza na hukumu ili asiye na muda aende zake.

Kitu chenyewe ni Tippmann 98 Custom ya mkono wa pili, bunduki ya mchezo wa paintball inayorusha vidonge vya rangi kwa gesi, iliyonunuliwa hapa Nairobi kwa ajili ya kijana wa miaka 15 ambaye bajeti yake ni pesa ya mfukoni na huruma ya ukoo. Ilikuja na mtungi wa gesi ya CO2, hopa ya plastiki ya kumwagia vidonge, na barakoa ambayo nitaifikia. Muuzaji simtaji. Anajijua, na maneno yake nimeyaweka pale juu ayasome vizuri.

Shida ni hii. Ukikaza mtungi kwenye bunduki, gesi inalia sss kidogo, halafu inanyamaza. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Mara ya pili inalia na hainyamazi. Unafungua, unakuta ule mpira mdogo wa mviringo ulio kichwani mwa mtungi, ndiyo oringi, umevimba kama mandazi na kuchanika upande mmoja. Unaweka mwingine kutoka kwenye kimfuko cha akiba alichokupa muuzaji, mchezo unaenda mchana mmoja, unafungua: mandazi tena. Nilirudi dukani nikamuuliza mpira huo ni wa aina gani. Hata hakuutazama. Alisema hesi ya mtungi, yale meno ya kukazia, imekwisha, ninunue mtungi mwingine, na kwa bahati anao mmoja. Nikamwambia kinachoziba pale ni mpira, hesi kazi yake ni kushikilia tu. Akamgeukia mwenzake, wakacheka. “Hii si meko, anti.”

Haya, tuongee habari ya meko basi. Mtu yeyote aliyewahi kupika kwa mtungi wa kilo 6 anajua kwamba kichomeo hukazwa kwa mkono, na kinachozuia gesi isitoroke ni mpira mdogo ulioko ndani. Ukishuku, unapaka povu la sabuni, unatazama mapovu yanafura wapi. Bunduki ya rangi ni vivyo hivyo kabisa, ila shinikizo lake ni kubwa mara nyingi zaidi. Nilipaka povu. Mapovu yalitoka pale pale kwenye kiungo. Sabuni ya kuoshea vyombo ilijua kazi kuliko watu wawili wa kaunta.

Oringi ya pale ni namba 015: kipenyo cha ndani mm 14, unene mm 1.78. Alizonipa zilikuwa za saizi hiyo, ndiyo maana mara ya kwanza zilishika. Kosa liko kwenye mpira wenyewe. Zilikuwa nitrili nyeusi laini, zile za kawaida za mafuta na haidroliki. CO2 ikikaa kwenye shinikizo hupenya ndani ya nitrili. Ukifungua mtungi kwa ghafla, gesi iliyojificha ndani ya mpira inataka kutoka yote kwa pamoja, mpira unafura, unapasuka. Hapo panatakiwa oringi ya poliyurethani, ugumu wa 90. Rangi isikudanganye, kwa sababu zipo za kila rangi. Bonyeza kwa ukucha: nitrili laini inabonyea, poliyurethani inakukatalia kama soli ya kiatu. Zinapatikana kwa wauza sili za jeki na mashine, Kirinyaga Road na Industrial Area. Beba mtungi wako uingize hapo hapo, maana wengi watakupa 14 kwa 2, na hiyo 0.22 inatosha kukunyima usingizi. Mimi nililipa shilingi 50 kwa moja. Nunua kumi.

Ujue pia namna ya kufungua, kwa sababu hata oringi nzuri utaiua kwa haraka. Toa vidonge vyote, mtutu uelekee chini, barakoa usoni. Zungusha mtungi robo tatu ya mzunguko tu. Pini ya mtungi inajifunga lakini mpira bado umekaa mahali pake. Sasa fyatua mara kadhaa mpaka bunduki inyamaze, gesi iliyobaki ndani ikwishe. Ndipo umalizie kufungua. Dukani kwake niliona akiung'oa mtungi kwa mkupuo mmoja, paa, kama anafungua soda.

Na kwenye hesi za mtungi huo alikuwa amezungusha ile tepu nyeupe ya mafundi wa mabomba. Tepu! Haizibi chochote pale. Inakatika vipande vidogo vinavyoingia kwenye vali ya bunduki, kisha unaanza kuvuja mahali pa pili. Niliviondoa kwa kibanio cha nyusi, kimoja kimoja, na kila kimoja nilikitajia jina la muuzaji.

Sasa hapa hasira inanipeleka nisikotaka, kwa sababu bunduki yenyewe ni nzuri. Nyota nne, na siyasemi kwa furaha. Mwili ni wa aluminiamu, unafunguka nusu mbili kwa spana za pembe sita, na kijana anaweza kuufungua juu ya meza na kuona kila kitu kinavyosukumana. Piga picha kabla hujatenganisha nusu hizo. Springi za kifyatulio huruka, na ukizitafuta chini ya kochi utakesha. Mafuta ni matone machache ya mafuta ya bunduki za rangi, kwenye tundu linaloingia mtungi, halafu unakaza mtungi na kufyatua bila vidonge ili yasambae. Usitumie ile dawa ya kopo ya kulainisha bawaba za mlango, inaharibu mipira.

Kuna kitu kimoja kinachofanya watu waseme imeharibika na wala haijaharibika: gesi inatorokea mtutuni mara tu unapokaza mtungi. Hujaikoki, yaani hujaivuta nyuma bolti, kile chuma kinachoteleza ndani, mpaka ikamatwe. Hii ni bunduki ya kukoki kwanza, mtungi baadaye. Shida nyingine ni ile ya kubonyeza mara moja ikatapika vidonge vitano. Mara nyingi gesi imepungua, haina nguvu ya kuirudisha bolti ya nyuma mpaka ikamatwe. Ikiwa mtungi umejaa na bado inatapika, tazama oringi ya bolti ya nyuma na kile kikamatio chake, kama kimelika. Kabla ya kulipa, chungulia pia kizuizi kidogo kinachokishikilia kidonge mwanzoni mwa mtutu. Kikivunjika, kidonge kinateleza mbele, cha pili kinaingia nyuma yake, na unapata supu ya rangi mtutuni.

Supu hiyo mara nyingi hailetwi na bunduki. Inaletwa na vidonge. Ganda lake ni jelatini, kwa hiyo unyevu unalivimbisha na baridi inalifanya likatike kama biskuti. Asubuhi za Julai, saa mbili bado watu wana makoti, ganda linavunjikia ndani ya mtutu hata kama kila kitu kiko sawa. Chukua kidonge kimoja, kiangushe kwenye saruji kutoka usawa wa kifua. Kikipasuka papo hapo, ni kikavu mno kwa bunduki hii. Kikiwa na vibonyeo kama embe lililokaa, au hakipiti mtutuni, mrudishie mwenyewe. Kipimo cha mtutu ni hiki: weka kidonge, kisidondoke chenyewe, na ukipuliza kidogo kwa mdomo kitoke. Rangi ikimwagika ndani, futa kwa maji ya uvuguvugu. Petroli na thina ziache kwa wapiga rangi wa magari. Hopa ya betri haihitajiki kwa anayeanza. Hii ya kudondosha tu inatosha mradi aitikise na asibonyeze kama anapiga ngoma.

Baridi inaigusa gesi nayo. Ndani ya mtungi CO2 ni kimiminiko, na shinikizo lake linafuata joto. Kwenye nyuzi 10 ni kama psi 650, kwenye nyuzi 25 linapita 900. Maana yake, bunduki uliyoirekebisha asubuhi inapiga kwa kasi nyingine saa saba mchana. Viwanja vingi hutaka isizidi futi 280 kwa sekunde, karibu mita 85, na mahali popote 300 ni mwisho. Ipimwe kwa kipimakasi asubuhi, ipimwe tena jua likiwaka. Mtungi usiachwe ndani ya gari juani.

Kujaza ni kwa mizani. Geji haikwambii lolote hapa, kwa sababu shinikizo ni lile lile mtungi ukiwa na nusu au ukiwa umejaa. Mtungi wa aunsi 20 unabeba gramu 567, wa aunsi 12 gramu 340, na hakuna cha nyongeza ya mteja mzuri. Ukizidisha, kile kisahani cha usalama kitapasuka, na ni heri kipasuke hicho. Wanaojaza vizima-moto wana CO2. Mwenye gesi na asiye na mizani, mpite. Soma muhuri wa tarehe uliogongwa kwenye mtungi: mitungi ya Marekani hupimwa upya kila miaka 5, na muuzaji wa mtumba hapendi uvae miwani.

Utaambiwa hewa iliyoshindiliwa ni bora kuliko CO2. Ni kweli, haibadiliki hovyo na baridi. Lakini mtungi wake wa kawaida unajazwa mpaka psi 3,000, na yule fundi wa tairi wa kona yenu hawezi kufika hapo hata akikesha. Wenye kompresa za namna hiyo ni baadhi ya viwanja vyenyewe na watu wa kuzamia, ambao wako pwani, Diani na Watamu. Kwa hiyo mtafute kwanza wa kukujazia, kisha ndipo uchague mtungi. Na kwenye chuchu ya kujazia hewa usitie tone la mafuta hata kwa bahati mbaya. Mafuta na hewa ya shinikizo lile vinaweza kuwaka.

Nilisema nitaifikia barakoa. Nimelia kurasa nzima kuhusu mpira, na kumbe jambo lililostahili kelele ni hili. Kile alichokiita barakoa kilikuwa miwani ya plastiki ya kusagia chuma, ya kamba moja, masikio wazi, mdomo wazi. Kidonge cha inchi 0.68 kikija kwa mita 85 kwa sekunde kinaing'oa miwani hiyo, na cha pili kinakuta jicho. Barakoa ya mchezo huu huwa na alama ASTM F1776, inafunika macho, masikio na kinywa. Kama pesa inatosha kitu kimoja tu, nunua barakoa, bunduki ikodishwe uwanjani. Chagua ya kioo mara mbili, haipati ukungu haraka kwa kijana anayehema. Usikichovye kioo hicho kwenye maji, usikifute kwa spiriti, na kikipigwa kwa karibu kibadilishe hata kama huoni ufa.

Nyota zimerudi kuwa moja. Hapana, nusu.

Ingawa kuna walio na kosa kubwa kuliko lake, nao ni sisi tunaolipa kabla ya kuuliza. Kenya ina Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na Bodi ya Kutoa Leseni za Silaha. Kitu chenye umbo la bunduki hakipiti forodhani kimya kimya, wala askari wa usiku hana muda wa kusikiliza kwamba ndani ni jelatini na rangi. Iulizeni bodi kwa maandishi, mdaini muuzaji karatasi za jinsi ilivyoingia nchini, na isitembee ovyo: mfuko uliofungwa, mtungi umetolewa, soksi ya mtutu, kile kifuniko cha mdomo wake, imevaliwa. Kuipandisha matatu ikiwa begani ni kutafuta makubwa. Ukiona karatasi hazieleweki, kodisheni. Uwanja wenye vibali, bunduki yao, gesi yao, barakoa yako. Kwa kijana anayecheza mara moja kila likizo hesabu yake ni nyepesi zaidi, maana vidonge peke yake, katoni ya 2,000, vitamaliza pesa kabla bunduki haijazoea mikono yake.

Kwa hiyo bunduki nne, muuzaji sifuri, na ukigawa kwa mbili unapata mbili. Siwezi kutoa tatu. Tangu oringi ngumu ziingie haijavuja hata mara moja, na kila inaponyamaza baada ya ile sss fupi natamani yule kijana wa kaunta angekuwa karibu aisikie. Mpira mmoja uliofura nimeuhifadhi kwenye bahasha. Nikipita upande ule nitauweka juu ya kaunta, nimuulize nyumbani kwake wanapikia nini.